Mgeni wa Makaa

Nilipokuwa mtoto, wenzangu wa mtaa wa Mashimoni waliogopa mbwa na walevi. Mimi nilifundishwa kuogopa makaa. Si yale yanayofuka moshi na kukutoa machozi. Yale mekundu, yaliyoshika, mazuri hata ungetaka kuyabusu.

Bibi yangu, ambaye kwa Kiluhya tulimwita kukhu, alisema moshi ukiisha, kuna mgeni anayetoka kwenye makaa. Humwoni wala humnusi. Akikosa pa kutokea, anamkalia mtu kifuani. Kwa hiyo jiko likiingia ndani, kukhu alikuwa akivua patipati yake moja mguuni na kuibana mlangoni ili ubaki wazi kidogo. Tulikaa tukitetemeka kwa heshima ya mgeni ambaye hata chai hakunywa.

Julai moja anti Rispa alikuja kutoka Riruta na mwanawe Neema, mtoto mchanga mwenye mapafu ya mhubiri wa sokoni. Mvua ilikuwa inanyesha, baridi inang'ata. Kukhu alienda kupanga foleni ya maji. Alipotoka tu, anti akaitupa ile patipati chini ya kitanda, akafunga mlango kwa komeo, akaziba upenyo kwa leso. Nikamwambia habari za mgeni. Akanicheka. Jiko alikuwa ameliwasha nje mpaka moshi wote ukaisha ndipo akaliingiza, sasa huyo mgeni atatokea wapi?

Joto likaja tamu. Neema alilia, akalia, kisha akanyamaza.

"Asante Yesu, amelala," anti akasema, akajinyoosha kando yake.

Kichwa kikaanza kunigonga. Nikamwita anti, hakuitika. Nikainuka niende mlangoni, miguu ikakataa kama ya mtu mwingine. Nikabaki sakafuni nikilitazama komeo, lipo pale pale juu yangu, na mkono haupandi.

Nikasikia sauti ya kukhu nje. "Rispa, fungua." Akagonga bati. "Rispa, mbona mtoto halii?"

Mlango wa mabati ulivunjika kwa bega lake. Alimbeba Neema kwanza, akamtoa nje kwenye mvua, akarudi kutuburuta sisi. Anti alitapika mtaroni. Neema alikuwa mlegevu kama nguo mbichi. Kukhu akampiga nyayo, akampulizia usoni, na majirani wamesimama wakilowa. Mtoto alipokohoa, kisha akalia, anti alikaa chini kwenye matope.

"Lia, mama," alimwambia mwanawe. "Lia tu."

Miaka baadaye, katika somo la kemia, mwalimu alitueleza kwamba makaa yakiungua penye hewa haba, kitu kipya huzaliwa: gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayopora nafasi ya oksijeni kwenye damu. Na makaa yakishaungua hivyo, hayarudi tena kuwa makaa. Akauliza, sasa utajuaje kwamba ipo? Darasa zima likanigeukia, maana mzaha ulikuwa kazi yangu.

"Mtoto ananyamaza," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Leo naishi Kawangware, napikia mtungi wa gesi, na yule mgeni namjua kwa jina lake la shuleni. Neema mwenyewe sasa ni mama. Akija kulala kwangu na mtoto wake, wote nyumbani husubiri mtoto anyamaze wapumzike. Mimi akinyamaza, huinuka.