Mashine Iliyosema Sijui

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika karakana ya Masasi mapema, kabla jua halijapanda juu ya majabali. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na uzoefu wa kutengeneza simu katika miji ambamo sikudumu. Msimamizi wa Programu, tuliyemwita Mama Upendo, aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho, kisha akanisogezea kiti.

"Unasoma vizuri?"

"Nasoma, Mama."

"Basi soma haya maonyo. Usiguse kitu."

Tulikuwa tukiandika mfumo endeshi mdogo wa kuongoza pampu za maji, yaani programu ya chini kabisa inayoamka mashine inapopata umeme na kuzipangia kazi programu nyingine. Tuliandika kwa lugha ya C, na kompaila ikayageuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine. Ikitilia shaka mstari, ilitoa onyo. Onyo lililojirudia zaidi lilisema kigeu fulani huenda kikatumika kabla hakijapewa thamani. Kigeu ni nafasi yenye jina ndani ya kumbukumbu ya mashine. Usipoiwekea kitu mwenyewe, utakuta masalia ya programu iliyopita, kama mtu aliyepanga chumba akakuta viatu vya mpangaji aliyehama.

Baadaye nilipelekwa Newala, kwenye kituo cha pampu chini ya ukingo wa uwanda wa juu, maji yanakoanza safari ya kupanda mjini. Mkuu wa kituo alikuwa Baba Salima, mtu wa utani mwingi. Pampu ilikuwa na swichi ya kufuli: fundi anaifunga kabla ya kugusa mhimili unaozunguka, na mfumo unaiuliza swichi kabla ya kuwasha.

Onyo moja lilihusu swichi hiyo hiyo. Swichi isipojibu, kigeu cha kufuli kilibaki bila thamani. Meneja wa Mradi alikuja na gari kutoka Masasi, Mama Upendo akiwa kiti cha nyuma.

"Kipe sifuri," alisema Meneja. "Kompaila itanyamaza, mteja apokee kazi."

"Sifuri kwetu ni kufuli wazi, pampu itawaka," Mama Upendo alimjibu. "Ukibisha hodi usijibiwe, unaingia tu hadi chumbani?"

"Basi weka kwamba imefungwa."

"Huo nao ni uongo. Fundi ataona imefungwa, atahangaika na ufunguo, kumbe waya umekatika. Tutaweka hali ya tatu. Sijui."

Meneja alicheka. "Mama, nani atanunua mashine inayosema sijui?"

"Atakayetaka isiyojua na inayojidai inajua, muuzie wewe."

Alinigeukia, akaniagiza niandike. Niliandika hivi: kigeu kianze na SIJUI, na pampu isiwake mpaka mtu aende kutazama swichi. Meneja aliondoka bila kuaga. Alijua, na sisi tulijua, kwamba siku neno hilo likitokea mji mzima utakaa bila maji.

Lilitokea msimu wa mvua. Umeme ulikatika, Baba Salima akaona nafasi ya kubadilisha kamba chakavu zinazozuia maji kuvuja kwenye mhimili. Alifunga kufuli kama kawaida. Nilimuuliza kama amezima na swichi kuu.

"Umeme umeshakatika, mwanangu. Nizime nini tena?"

Hakujua panya wamekula waya wa kufuli nyuma ya ukuta. Nami sikujua. Mkono wake ulikuwa umeingia ndani ya pampu hadi kiwiko taa ziliporudi. Mfumo uliamka, ukaiuliza swichi, haukujibiwa. Pampu haikuwaka. Kwenye kioo likatokea neno moja.

Baba Salima alitoa mkono, akaufuta kwa kitambaa, akasoma. "Mashine yenu imesoma shule gani hii?"

Nilichukua tochi, nikaufuata waya wa kufuli hadi nyuma ya ukuta, nikakuta umetafunwa. Tulipopata waya mwingine siku ilikuwa imekwisha. Mjini watu walitusema sana, na Meneja alituma ujumbe mkali. Mama Upendo aliusoma mpaka mwisho, akaendelea na kazi.

Nimeacha kazi hiyo nikiwa bado na umri wa kufanya kazi. Macho yamechoka na kioo, na mimi sijawahi kukaa mahali pamoja nikatulia. Vijana huniuliza namna ya kuzima maonyo. Ninawaambia wasome kwanza mstari, kisha waulize nani amesimama karibu na mashine pale jibu linapokosekana.

Juzi nilipita Newala, nikamkuta Baba Salima sokoni. Bado anaamini kufuli lake lilitosha, na analalamika kwamba mfumo wetu uliwanyima watu maji siku nzima bila sababu. Alinipa mkono. Niliushika kwa muda mrefu, mpaka akaniuliza kama ninaumwa.