Numo na Jina la Watu Wake

Katika mji wa Edzina, ukingoni mwa jangwa, hakuna aliyefuma mablanketi ya manyoya ya ngamia mweupe kumshinda Numo wa ukoo wa Yeli, wala aliyemfikia kwa ulimi. Alikuwa mjane wa miaka arobaini, na wateja walimchefua kwa jambo moja tu: jina. Watibeti walimwita Mminyak. Wachina, Mdangxiang. Waturuki wa misafara, Mtangut. Watu wake wenyewe walijiita Mi, neno fupi kama chafya, na Numo hakutaka jingine.

Vuli moja akaja tena Turmishi, mfanyabiashara wa Kiuighuri mwenye kitambi, aliyepita hapo kila mwaka.

"Hujambo, dada Mtangut!"

"Mtangut hayupo hapa. Kamtafute huko alikokwenda."

"Haya, yaishe. Nikuiteje?"

"Sisi ni Mi."

"Maana yake?"

Numo akakunja blanketi. "Maana yake... sisi."

"Kumbe!" Turmishi akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Kila mwaka wanifokea kwa neno usilolijua!"

"Na Tangut maana yake nini, ewe mjuzi?"

Turmishi akakuna ndevu. "Babu zetu waliwaita hivyo."

"Basi tumelingana."

Hata hivyo neno halikumtoka akilini. Akafunga kibanda mapema, akaenda kwa shangazi yake.

"Mi ni watu," shangazi akasema. "Sisi watu, wengine wapita njia."

"Wee!" akadakia mumewe. "Ni jina la bonde la kusini walikotoka wazee."

"Wazee gani? Wako walikuwa wezi wa kondoo!"

"Na wako ndio walioibiwa, kwa usingizi!"

Chai ya siagi ikafurika jikoni bila mtu kuiona. Numo akarudi kwake, akawaacha wakibishana.

Asubuhi Turmishi akauliza tena.

"Maana yake ni ukoo unaogombana," Numo akasema.

Turmishi akanunua mablanketi matatu, na vuli iliyofuata akaja bila mzigo, kumposa Numo.

"Utamwitaje mtoto wetu huyu?" shangazi akamhoji, macho makali.

"Numo. Jingine siliwezi."

Wakamkubali. Waliishi pamoja miaka kumi na mitano, kwa amani ya kutosha. Kila Turmishi aliposhindwa ubishi alisimama mlangoni akamwita Mtangut kwa sauti, majirani wasikie. Siku hiyo alikula uji wa mtama uliopoa, na Numo akasema moto umegoma.