Masufuria Yangu na Wafalme Kumi na Sita wa Uchina

Siku ile jikoni kwangu Mayfair tulikuwa wanawake watano. Kwanza mimi mwenyewe, mwenye nyumba kwa maana ya kupanga. Pili wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, baba mmoja mama mmoja, aliyenitangulia kuja Johannesburg na hajaacha kunikumbusha. Tatu mkwe wangu, mke wa mwanangu mkubwa, mtoto wa Dar es Salaam, mwenye bakki nyeupe, pikapu kwa jina la huku, na leseni ya kuiendesha. Nne mjukuu wangu, binti wa huyo mkwe, aliyekuwa anasoma chuo kikuu pale Braamfontein. Tano jirani yangu Mrundi, Mwislamu mwenzetu, muuza nyanya karibu na rank ya teksi mjini. Huyu hana undugu na sisi ila wa ukuta. Anasikia tunayosema hata asipokuwepo, kwa hiyo tukaona heri awepo.

Majina yao ninayo yote, na ya mama zao, na jina la paka aliyekuwa chini ya meza. Lakini mjukuu wangu ndiye anayenipigia chapa haya, na amesema, "Bibi, ukitaja jina la mtu mimi natoa mkono kwenye mashine." Basi sitaji. Na wale wafalme wa Uchina nao, majina yao kumi na sita ninayo kichwani mpaka leo, kwa mpangilio, lakini kama walio hai hawatajwi, waliokufa nao tuwaache wapumzike.

Ulikuwa mwaka uliofuata ule wa Kombe la Dunia na mavuvuzela yake, Jumapili baada ya alasiri. Tulikuwa tunamenya vitunguu vya harusi ya Jumamosi, maana vitunguu vya kukaangwa vikaanikwa na kuwekwa vinataka kuanza mapema. Lakini vitunguu vilikuwa kisingizio. Kila mmoja alikuja kusikia masufuria yanakwenda kwa nani.

Nieleze masufuria. Sisi watu wa Tanga na Dar na Unguja tulioko hapa tuna masufuria yetu ya shughuli, matatu, makubwa kiasi mtoto akiingia humwoni. Tulichangiana miaka hiyo tukayanunua duka la jumla mjini, pamoja na vifuniko vyake vya bati zito. Vifuniko ndiyo siri ya pilau letu. Maji yakikaribia kukauka, unafunika, unatia makaa ya moto juu ya kifuniko, moto unakuwa chini na juu. Ndiko kupalia. Hapa tunatumia makaa ya wenyeji ya kuchomea nyama, na yanafanya kazi. Sufuria lisilo na kifuniko ni beseni tu.

Mwenye kuyatunza masufuria ndiye mama wa shughuli. Yeye huambiwa wa kwanza nani kafa na nani anaoa. Yeye husema mchele kilo ngapi, na akisema hapingwi. Na mwisho wa kazi, ukoko wote ni haki yake. Usicheke. Mtu aliyewahi kula ukoko wa pilau la mbuzi, uliokaangika kwa mafuta yake, atajua kwa nini watu wanagombana. Mimi nilikuwa nimekalia kiti hicho tangu mume wangu yu hai. Sasa magoti yalikuwa yamenikataa, na mwenye nyumba alitaka gereji yake nilimoyaweka. Mwisho wa mwezi yawe yametoka.

Wifi aliona ni yake, kwa umri. Mkwe aliona ni yake, kwa kuwa ni mke wa mkubwa wangu, na kwa bakki. Mimi nilikuwa nimeahirisha kusema tangu mfungo. Nikimtazama huyu nakumbuka wema wake, nikimtazama yule naogopa mdomo wake, na siku zinakwenda.

Ndipo mjukuu wangu akaingia na makaratasi yake, uso umemshuka.

"Bibi, eish, kesho nasimama mbele ya darasa niwaeleze wafalme wa Ming wa China, nani alimfuata nani. Wako kumi na sita. Wananichanganya, hawakai kichwani."

"Kumi na sita tu?" nikasema. "Mimi nina wajukuu zaidi ya hao na kila mmoja najua aliota jino lini. Kaa hapa. Usituambie majina matupu. Tuambie mwana wa nani, mama yake nani, alimwoa nani. Jina halikai kichwani bila ukoo."

Akakaa juu ya gunia la mchele, akaanza kwa Kiswahili chake kile cha kuokoteza.

"Wa kwanza alikuwa maskini. Wazazi wote walikufa, akawa mtawa, akazunguka anaomba chakula. Baadaye akapigana, akawa mfalme."

"Ombaomba akawa mfalme?" akasema jirani. "Basi pale rank wapo wengi wanangoja zamu."

"Mtoto wake mkubwa alikufa yeye yuko hai bado. So kiti akampa mtoto wa huyo marehemu. Mjukuu."

Wifi akaweka kisu chini. "Mjukuu arithi, na baba zake wadogo wapo hai? Sheria gani hiyo? Sisi mjukuu hapati kitu wana wakiwepo. Haki inaanzia kwa wakubwa, haishuki chini kwa watoto."

"Lakini Shangazi," akasema mkwe kwa sauti ya asali, "baba mtu si ndiye aliyekuwa mkubwa? Nyumba ya mkubwa ni nyumba ya mkubwa."

"Nyumba ya mkubwa ina watu wazima ndani yake, mwanangu."

Nikaona hapa pameanza kunuka na si vitunguu. Nikamwambia mtoto aendelee upesi.

"Baba mdogo alikasirika. Akaja na jeshi, akapigana na huyo mjukuu miaka, mpaka akaingia. Ikulu ikaungua moto. Yule mjukuu hakuonekana tena."

Mkwe akamgeukia wifi. "Shangazi, gereji yangu nitakayoyawekea masufuria ina bima, lakini nakuomba usije na kiberiti."

Jirani akacheka mpaka kitunguu kikamdondoka. Wifi hakucheka.

"Aliyemfuata," mtoto akasema, macho kwenye karatasi, "alikuwa mnene sana, hata kutembea alishikwa mkono. Hakumaliza mwaka."

Mkwe wangu Mungu amemjalia mwili, na siku hizo alikuwa anapanda ngazi zangu kwa vituo. Akavuta kanga yake akajifunika tumbo. "Mwanangu, hilo limeandikwa kweli hapo?"

"Mama, limeandikwa!"

"Lisome ukurasa mwingine."

Mtoto wa watu akasoma ukurasa mwingine, na hapo ndipo maji yalipomwagika.

"Kuna mmoja alitoka mwenyewe kwenda vitani, akatekwa na maadui. Huku nyuma wakamweka mdogo wake akalie kiti, kwa muda tu. Maadui wakamrudisha yule wa kwanza. Lakini mdogo wake hakutaka kutoka. Akamfungia kaka yake ndani ya jumba, miaka."

Lazima mjue jambo moja. Baridi ya mwaka wa mavuvuzela nilikuwa nimelazwa, natolewa mtoto wa jicho. Wifi aliyachukua masufuria, kwa muda tu. Niliporudi ilikuwa shughuli ya khitma, nikakuta ukoko uko kwenye sahani yake na yeye yuko kwenye kiti changu, ananiambia, "Wewe pumzika, jicho halijapona." Nilipumzishwa hivyo mpaka Maulidi. Kila mtu pale jikoni alilijua jambo hilo, na hakuna aliyewahi kulisema kwa sauti.

Wallahi sikuwa na nia. Sikujua hata Uchina iliwahi kuwa na wafalme. Lakini sisi watu wa pwani ukivaa kanga yenye maneno tu jirani anajiuliza unamsema nani. Sembuse hadithi nzima ya mtu kukatalia kiti cha mwenzake!

Wifi akasimama, akafunga kanga kiunoni.

"Haya. Nimeelewa. Nimeitwa hapa nisimangwe kwa Wachina."

"Wifi yangu, ni masomo ya mtoto..."

"Masomo! Mama yake kamtungia, wewe umemkalisha juu ya gunia, na mimi nimenyamaza kama mjinga natoa machozi ya vitunguu. Basi Jumamosi huyo Mchina awapikie pilau."

"Na mimi nimeitwa mnene na mtoto wangu wa kumzaa," mkwe akasema, naye akashika funguo za bakki. "Anayetaka masufuria ayabebe kichwani."

Mlango ukabamizwa mara mbili, katoka wifi kwanza, mkwe nyuma yake. Nikabaki na gunia la vitunguu, jirani, na mjukuu analia kwelikweli. Harusi Jumamosi, wageni wamealikwa mpaka Pretoria. Mikono inayojua kiasi cha bizari imekwenda, na gari la kubebea masufuria limekwenda. Harusi ikiharibika, aibu ni yangu mimi niliyeshindwa kusema neno moja kwa miezi.

Jirani akaendelea kumenya. "Kwetu Burundi nasi tulikuwa na mfalme," akasema. "Tukamwondoa, tukapata marais. Ndiyo maana mnaniona Mayfair." Kisha akamwambia mtoto, "Futa kamasi. Yule aliyefungiwa, alitoka?"

"Alitoka. Mdogo wake aliugua, yeye akarudishiwa kiti."

"Na baada yake?"

Mtoto akatuhadithia huku anapenga. Mmoja alimpenda mlezi wake wa utotoni, mwanamke aliyemzidi umri kabisa. Mmoja alikuwa na mke mmoja tu, jambo ambalo jirani alikataa kuliamini. Mmoja alikuwa mpenda michezo, akaanguka majini, akaugua, akafa bila mtoto, kiti kikaenda kwa binamu. Halafu akafika kwa mmoja, nami nikaacha kisu.

"Huyu alitaka kumpa kiti mtoto wake mwingine, si mkubwa. Wazee wa serikali wakakataa. Wakabishana naye miaka. Akasusa, Bibi. Hakuwatokea tena watu barazani. Barua zinakuja, hajibu. Watu wanakufa kazini, haweki wengine. Aliishi sana, lakini ndiyo nyumba ikaanza kuoza."

Nilikuwa nayatazama masufuria kupitia dirisha la uani, yamepangwa mlangoni mwa gereji, na ndani ya moja paka alikuwa ameshahamia, amelala.

"Na mwisho?"

"Mtoto wake alitawala mwezi tu akafa. Mjukuu wake alipenda useremala, kazi ya ufalme akawaachia watumishi. Wa mwisho mdogo wake huyo seremala. Mji ulipoingiwa alijinyonga kwenye mti nyuma ya ikulu. Halafu wakaja watu wa nje kabisa, kutoka kaskazini, wakakalia kiti."

"Wamegombana ndugu, kala mgeni," jirani akasema. Akanitazama. "Mimi mtu wa nje, lakini sitaki masufuria yenu, chumba changu kidogo."

Nikacheka. Na katika kucheka nikaona kosa lao wale watu wote kumi na sita. Kiti chao kilikuwa kimoja, hakigawanyiki. Atakayekaa, mwingine atasimama. Lakini sufuria lina kifuniko.

Kesho yake asubuhi nikavaa baibui, nikashuka ngazi na magoti yangu, nikavuka robot, taa za barabarani, mpaka kwa wifi. Hakunikaribisha chai, akanipa kiti cha plastiki.

"Masufuria ni yako," nikamwambia. "Wewe ni mkubwa. Mwanangu atakuletea yote matatu."

Uso ukamfunguka. "Wifi! Mungu akuweke." Chai ikaja, na kitumbua.

Nikala kwanza. Nikamaliza. Kisha nikasema, "Vifuniko nimempa mkwe wangu."

"Vifuniko?"

"Vyote. Na makaa ni kazi yake."

"Sasa nitapalia na nini, na mkono?"

"Utampigia simu."

Akanitazama, nami nikalamba sukari kidoleni. Kwa mkwe ilikuwa hivyo hivyo, ila kinyume. Alifurahia vifuniko kama mtu aliyepewa taji, mpaka alipofikiri.

"Mama, vifuniko bila masufuria nitafanyia nini?"

"Utampelekea Shangazi yako, kwa bakki. Na mkifika mtasalimiana."

Jumamosi walikuja wote wawili, uani nyuma ya ukumbi, hawatazamani. Mchele ukachemka, maji yakaanza kukauka. Wifi akasimama na sufuria lake wazi, mkwe na kifuniko chake mkononi, kila mmoja anangoja mwenzake aseme.

"Unafunika au unapunga upepo?" wifi akasema mwishowe.

"Nangoja kuombwa, Shangazi."

"Mwanangu, nakuomba, kabla Wachina hawajaja."

Mkwe akacheka kwanza, akajizuia, akashindwa. Akafunika. Kisha wakaanza kubishana juu ya makaa, huyu anasema yameshatosha, yule anaongeza, huyu anatoa, yule anarudisha, mpaka pilau likashika chini kidogo. Wageni walikula wakasifu. Na ukoko siku hiyo ulikuwa mnene kama godoro.

Waliponiletea huo ukoko, wote wawili wamelishika sinia pamoja, wifi akauliza, kwa kupita tu, "Na ukoko je, wifi? Hukusema ni wa nani."

"Huo bado sijaugawa," nikasema. "Mpaka jino langu la mwisho litoke."

Mjukuu wangu alisimama mbele ya darasa Jumatatu ile ile, akawataja wote kumi na sita bila karatasi. Ananiambia kila alipokwama aliona sura ya mtu jikoni akakumbuka. Alipofika kwa yule mnene, alimwona mama yake akakaribia kucheka. Mpaka leo masufuria yako kwa wifi na vifuniko viko kwa mkwe, na hawajapitisha mwezi bila kupigiana simu.

Kama nimekosea mpangilio wa wafalme, au nimempa mmoja kosa la mwenzake, msomaji mwenye elimu anisahihishe, nitashukuru na nitamwambia mjukuu wangu apige chapa upya. Na kama kuna aliyekuwepo jikoni siku ile anayesema aliyetoka kwanza mlangoni hakuwa wifi, naye aje aseme. Ila asije siku ya shughuli, maana siku hiyo nakuwa nakula.