Katekista Léonce na Giza la Mablanketi

Alizaliwa mwaka 1966 kando ya Ziwa Tanganyika, katika mji ambao sitautaja, kwa sababu jeshi geni lililouingia halijatoka na ndugu zetu wangali humo. Baba yake, mwashi Mrundi, ndiye aliyejenga ukuta mmoja wa kanisa la mji ule. Mama yake aliuza mawese sokoni, na alimfundisha sala ya asubuhi kabla hajamfundisha kuhesabu. Aliitwa Léonce Nshimirimana. Alitamani upadri, karo ikakosekana, akawa katekista. Siku hizi wapo wanaosimulia kwamba alipozaliwa mvua ilinyesha juu ya nyumba yao peke yake. Alipokuwa hai sikulisikia jambo hilo hata mara moja, na wanaolisimulia ni walewale waliokuwa wakivuka barabara wasije wakakutana naye.

Jeshi lilipoukalia mji, padri alifukuzwa, na Léonce akabaki na kundi. Amri ya askari ilikuwa fupi: jua likianza kushuka kila mtu awe nyumbani kwake, atakayeonekana nje atapigwa risasi. Pasaka ya mwaka 2013 ilipokaribia, waamini walimwuliza mkesha utafanyika vipi, maana mkesha huanza gizani, moto mpya huwashwa gizani, na mshumaa wa Pasaka huingia watu wakiwa hawaonani nyuso. Wengine walishauri uachwe mpaka amani irudi. Léonce aliwajibu kwamba amani haikuwapo hata siku ile ya kwanza, na kaburi lililindwa na askari vilevile. Kama usiku umechukuliwa, alisema, tutajitengenezea wa kwetu. Basi Jumamosi Kuu, mchana, watu walikuja na mablanketi ya vitandani mwao, wakayatundika madirishani mpaka kanisa likawa jeusi kama ndani ya chungu. Waliokuwamo wanasema hawajapata kuona mwali mdogo ukiwa mkubwa namna ile, na kwamba walilia kwa furaha. Ninaiandika furaha hiyo kwa kusudi, kwa kuwa baadaye hakuna aliyetaka kuikumbuka.

Doria ilipita. Askari waliona kanisa limefumbwa macho, wakadhani limeficha wapiganaji, wakapiga risasi kupitia mablanketi. Watu wanne walikufa. Mmoja wao alikuwa Gaël, kijana wa Mama Epiphanie Ciza, aliyevaa shati jeupe akingoja kubatizwa; kwa kukosekana padri, askofu alikuwa amempa Léonce ruhusa ya kubatiza. Beseni la maji lilitobolewa na risasi ileile iliyompata kijana. Léonce alikimbilia mlangoni akatafute maji mengine, akarudishwa kwa kitako cha bunduki. Aliporudi ndani, Gaël alikuwa ameshakata roho.

Mwaka uliofuata Léonce alifika Durban, akapanga kitanda katika chumba cha mtaa wa Point kilichogawanywa kwa mapazia, akawa mlinzi wa magari karibu na ufuko. Mama Epiphanie naye alikuja, akapata kazi katika kiwanda cha nguo huko Mobeni. Mji ni mkubwa, lakini Misa ya Kiswahili ni moja. Walikutana getini, na mama hakumsalimu. Aliuliza tu.

“Katekista, mutoto wangu ulimubatiza ao hapana?”

“Hapana, mama. Maji ilimwangika yote.”

Padri Fabien, aliyetuongoza wakati huo, alimweleza mama kwamba Kanisa linafundisha wazi: anayekufa akiungojea ubatizo kwa moyo wake wote, Mungu hamwachi. Mama alijibu kwamba hakuomba somo, aliomba maji. Tangu hapo kila Pasaka alilirudia swali lile, na Léonce akamjibu vilevile, kisha akamwambia, “Kristu amefufuka.” Mama alipita bila kuitikia, nasi tuliokuwa nyuma yake tukapita hivyohivyo. Tulisema ana nuksi. Wazazi walikataa awafundishe watoto wao. Kazi pekee aliyoachiwa ilikuwa kuchota maji ya kujaza kisima cha ubatizo kila Jumamosi Kuu. Alikuja na ndoo mbili, akakijaza, akatoka nje kabla ubatizo haujaanza.

Marafiki wachache waliobaki walimsihi aseme alimbatiza kijana. Ni neno moja, walisema, nalo lingempa mama usingizi na kumrudisha yeye kundini. Hapo ndipo aliposema maneno ambayo kwangu ni ushahidi wa utakatifu wake:

“Nikimudanganya juu ya maji, atanisadiki je nikimwambia kaburi iko wazi?”

Katika Kwaresima ya mwaka 2024 aliugua mapafu. Jumamosi Kuu mchana, Mama Epiphanie alitoka kazini akaenda Point moja kwa moja, na waliokuwa chumbani walidhani amekuja kumlaani mgonjwa. Alikuwa na blanketi, mshumaa na beseni la maji. Alitundika blanketi dirishani, akawasha mshumaa, akaketi. Léonce, kwa sauti iliyokwisha kabisa, akamwambia Kristu amefufuka. Mwaka huo mama aliitikia.

“Amefufuka kweli,” alisema. “Lakini wangu bado.”

“Bado, mama,” Léonce alijibu. “Bado.”

Mama akamwosha uso, na Léonce akafa kabla kengele za mkesha hazijalia. Ilikuwa tarehe 30 Machi, tarehe ileile ya mablanketi.

Sasa tarehe hiyo imeitwa muujiza, ingawa kalenda nayo ina mambo yake. Coletha, muuzaji wa vitenge, anashuhudia kwamba homa ya mwanawe ilishuka alipomfunika kwa kipande cha lile blanketi. Mungu anajua, mimi simpingi. Wengi walienda kuomba vipande, mpaka Mama Epiphanie akalichukua akalitandika kitandani kwake, akawaambia mablanketi yanauzwa mjini. Tumechapisha picha ya Léonce kwenye fulana. Alipokuwa akilinda magari yetu nje ya ibada, hatukumkaribisha hata kiti.

Anayetaka kumwiga asitafute blanketi. Amwambie kweli mwenye msiba, hata kweli hiyo ikimfungia milango yote, na asiache kumsalimu kwa salamu ya Pasaka asipoitikiwa. Na akiona hayo ni mazito, yapo mepesi. Tangu Léonce afe, anayechota maji ya kisima kila Jumamosi Kuu ni Mama Epiphanie. Hukijaza mpaka ukingoni, kisha hubaki ndani mpaka mtoto wa mwisho abatizwe. Ndoo ni mbili, magoti yanamuuma, na mpaka leo anazibeba peke yake.