Mfarishi wa Magauni ya Mama

Mama alipofariki, hakuna aliyezitaka nguo zake. "Chukua wewe, fundi," dada mkubwa alisema huku ameziba pua. "Zinanuka dawa."

Fundi ndiye kitindamimba, na ndiye aliyemuuguza mama peke yake. Alizifua nguo zile, akazianika, kisha akaketi kwenye chumba chake cha kushonea akaanza kuzikata maumbo: majani, ndege, na dirisha la jikoni ambapo mama alipenda kusimama.

Kingo hakuzikunja. Nyuma ya kila kipande alibandika kwa pasi kitambaa chepesi chenye gundi, kisije kikateleza, akakipanga juu ya kitambaa cheupe, chini yake pamba, na chini kabisa shuka. Akapitisha cherehani karibu na ukingo, mshono mmoja ukishika kipande na tabaka zote. Penye kona alizamisha sindano, akainua mguu wa cherehani, akageuza kazi taratibu. Alijua kila mfarishi huo ukifuliwa, nyuzi zitachomoza pembeni. Ndivyo alivyotaka: magauni ya mama yasijifanye mapya.

Ndugu watatu walipokutana kugawana vyombo vya mama, fundi aliutandika mfarishi kitandani kwa mama ili wauone. Dada akaushika, akaangua kilio. Msibani hakulia vile.

"Huu hauwezi kukaa kwako peke yako," alisema alipotulia.

"Dada, si ulisema zinanuka?"

"Usinianze!"

Kaka yao alikuwa na haraka zake. "Tuukate vipande vitatu, kila mtu na chake, yaishe."

Dada hakungoja, alikwenda jikoni akarudi na mkasi butu wa kukatia samaki. Fundi alimtazama kaka, labda atasema anatania. Kaka alikuwa anabonyeza simu.

"Uweke huo," fundi alisema. "Nitakata mwenyewe." Akatoa mkasi wake mkobani, akakata. Ndege mmoja mkasi ulimpitia shingoni; hakukuwa na namna. Kisha akavipeleka vipande nyumbani, akavizungushia pindo, akawagawia.

Miezi baadaye alipita gereji kwa kaka. Kipande chake kilikuwa sakafuni, chini ya injini, cheusi tii.

"Aa, hicho?" kaka alisema, akifuta mikono. "Kinanyonya oili vizuri sana, mdogo wangu. Huna kingine?"

Fundi akasema hana. Akaaga, akaondoka.