Baba Alipoitwa Owiti

Sisi tuliokulia Kisumu wakati maziwa ya shule yalipokuja kwenye pakiti za pembe tatu hatuhitaji kuelezwa raha ni nini. Ulikata ncha kwa meno, ukafyonza, kisha pakiti tupu ukaipuliza na kuikanyaga ipasuke karibu na mwalimu wa zamu. Jioni tulirushiana mpira wa kati na kuruka bladda mpaka akina mama waanze kuita watoto, na hata wakiita wote kwa pamoja kila mtoto aliijua sauti ya kwao. Tulisugua miguu kwa jiwe kwenye mfereji wa nje, tukaingia ndani kula ugali na omena, dagaa wa ziwa letu, iliyochemka na nyanya mpaka ikaacha uchungu. Watoto wangu leo umeme ukipotea kidogo wananitazama kana kwamba kumetokea msiba. Sisi taa ilikuwa ikiisha mafuta kabla hesabu hazijaisha, na tulishukuru kimoyomoyo.

Dani alikuja kwetu nilipokuwa darasa la nne, katika ile miaka ya themanini. Dani ndivyo Wajaluo tunavyomwita nyanya. Huyu alikuwa mama yake Mama, mwanamke wa Asembo Bay aliyekausha samaki kwa moshi maisha yake yote, mpaka nguo zake za kanisani zikanukia mbuta. Siku hizi ugonjwa wake una jina la hospitali. Wakati ule watu walisema tu kwamba Dani amerudi nyuma, na kweli alikuwa akirudi, mwaka baada ya mwaka, kuelekea usichana wake. Alianza kwa kusahau sufuria motoni. Halafu moto ukashika paa la jiko lake, majirani wakauzima, wakatuma habari kwamba mama yenu asiachwe peke yake tena. Wanawe wa kiume wote walikuwa wameshazikwa. Alibaki Mama, na Mama alikuwa ameolewa Kisumu.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi, na msomaji wa kule ziwani ameshaijua kabla sijaisema. Mama mkwe halali katika nyumba ya mkwe wake. Hali naye meza moja, wala hawakai bega kwa bega. Heshima yao ni kukwepana. Basi Dani alishinda kwetu akila jikoni. Baba, aliyefanya kazi bandarini, alikuwa akifika getini anakohoa kikohozi kikubwa cha mtu asiye na mafua, ili Dani apate nafasi ya kutoka sebuleni. Giza likianza kuingia, jirani yetu Mama Njeri alikuja kumchukua akalale kwake.

Mama Njeri alikuwa mtu wa Nyeri aliyeuza mitumba soko la Kibuye, na Kijaluo chake kilitosha kununulia mboga tu. "Mama Atieno, wacha kujisumbua," alimwambia Mama siku ile ya kwanza. "Mimi hapa sina mkwe. Shosho atalala kwangu." Alimpa Dani kitanda, yeye akalala juu ya marobota ya nguo. Asubuhi alimrudisha amemwogesha na kumpaka mafuta, wakiwa wameshikana mikono, kila mmoja akiongea lugha yake bila wasiwasi.

Sisi watoto tulijifunza haraka kuliko wakubwa. Dani akituagiza tukaangalie kama mashua zimefika, hatukumwambia kwamba ziwa liko mbali na hapa ni mtaani. Tulizunguka nyumba mbio, tukarudi tukihema.

"Bado, Dani."

"Haya. Kuni zimekauka?"

"Zimekauka."

Basi alitulia. Wakubwa ndio walioteseka. Kina mama wa kanisa walimwekea mikono kichwani, mmoja akisema amerogwa, mwingine akisema ni mawazo ya kuzika watoto. Rafiki zake wa Asembo walikuja mara moja na kikapu cha samaki. Akawauliza wao ni wa nani, nao hawakurudi tena. Siwalaumu, maana inauma kusahauliwa na mtu mliyepaliwa naye na moshi mmoja tangu ujana.

Kisha mama yake Mama Njeri akaugua huko Nyeri. Mama Njeri alifunga chumba chake kwenda kumuuguza, akalia mlangoni kwetu, akamwagiza Dani asikatae uji. Hakujua angerudi lini, na kwa Dani hapakuwa tena na mahali pa kulala.

Kaka mkubwa wa Baba, tuliyemwita Baba Mkubwa, alikuja kutoka nyumbani kijijini siku iyo hiyo. Alikuwa mtu wa haki, na desturi alizijua zote. Alisema Dani arudishwe Asembo jioni ile, na atafutiwe msichana wa kumwangalia. Mama alikuwa jikoni akisikia. Alijua msichana huyo hayupo, na alijua kwamba siku moja Dani angeingia ziwani kwa miguu yake akitafuta zile mashua. Nilimwona akipepeta mchele ambao alikuwa ameshaupepeta. Nje mvua ya Kisumu, ile ya alasiri yenye radi, ilikuwa imeanza kugonga mabati.

Hakuna aliyemwona Dani akitoka jikoni. Tulimwona tu ameshaingia sebuleni. Akampita Baba Mkubwa, akaketi kwenye kochi kando ya Baba, akamshika mkono.

"Owiti," akasema, "umekonda hivi kwa nini? Kwani bibi yako hakupei chakula?"

Owiti alikuwa kaka yake Dani, aliyekufa kabla Mama hajazaliwa. Baba Mkubwa aliweka kikombe chini. Sote tulingoja Baba anyanyuke. Alikuwa mtu wa kunyoosha mambo, hata shati la kulalia alilipiga pasi, na kwa heshima zake angekuwa ameshafika getini. Aliutazama ule mkono uliojaa makovu ya moto.

"Ananipa, nyamera," akajibu. Nyamera kwa Kijaluo ni 'dada yangu'.

Baba Mkubwa akauliza polepole, "Unajua huyo ni nani yako?"

"Mimi najua. Yeye ndio hajui. Sasa, Mzee, mtu atafukuza dada yake na hii mvua?"

Mvua ilipopungua Baba Mkubwa aliinuka. Akasema hilo litakuwa kati ya Baba na Mungu wake, akachukua kofia. Miaka ikapita bila yeye kula kwetu, na wengine wa upande ule wakamfuata. Baba aliumia sana, maana alimpenda kaka yake.

Tangu siku hiyo Dani alilala chumbani kwetu watoto, na Baba akawa Owiti. Akitoka kazini aliketi na kuulizwa habari za ng'ombe wa baba yake Dani, ng'ombe waliokufa kabla Baba mwenyewe hajazaliwa, naye alijibu kwa uangalifu kama anayetoa ripoti bandarini. Yule mwekundu amezaa. Yule aliyevunjika pembe amepona. Dani akila aliwekewa samaki aliyetolewa miiba, na aliyeitoa alikuwa Baba.

Halafu Jumapili moja baada ya kanisa akili yake ikarudi. Baba alikuwa anamtolea miiba kama kawaida. Dani akamtazama, uso wake ukabadilika, na mimi niliyekaa karibu nikaona kwamba amemjua. "Huyu ni mkwe wangu," akasema kwa Kijaluo. Akajifunika uso kwa leso, akatoka mbio bila viatu, akajificha nyuma ya tangi la maji kwa aibu. Alitaka apelekwe Asembo wakati huohuo. Sisi tulikuwa tumemwomba Mungu ampe nafuu, na sasa nafuu hiyo ilikuwa inamchoma mbele ya macho yetu. Mama alienda kuketi naye pale chini kwenye matope. Baba alitoka kwa mlango wa mbele, akimpa mgongo ili asimwone uso, akaenda kulala kwa rafiki yake.

Kila jioni alirudi mpaka getini. Mama akitikisa kichwa, aliondoka tena. Hata jioni moja Dani akaliinua jicho kutoka kwenye bakuli la uji, akauliza Owiti amekawia wapi. Mama alicheka na kulia kwa pamoja, akatutuma mbio tukamwite Baba.

Dani alifariki mwaka uliofuata. Kule Asembo Baba alisimama upande wa wakwe, mbali na jeneza, kama inavyotakiwa. Watu walimpa pole za mkwe. Alizipokea hivyohivyo.

Sasa zamu ni ya Mama, na anaishi nyumbani kwangu. Hakuna aliyelalamika. Siku hizi wakwe wanakula meza moja na kupiga picha wamekumbatiana, na hakuna mzee anayekuja kutuuliza kitu. Tuna kundi la familia kwenye simu, ambamo kila asubuhi ndugu zangu wanatuma vile viganja vya maombi, na aliye Nairobi anatuma makala ndefu. Jina la ugonjwa tunalijua sote. Wanangu hata wanaliandika bila kukosea, wao ambao hawawezi kuandika barua.

Mume wangu ni mtu mwema. Jumamosi iliyopita Mama aliketi kando yake kwenye kochi, akamwangalia kwa muda, akamuuliza, "Wewe ni nani?" Mume wangu aliweka simu chini, na kwa hilo namsifu. Akamjibu ukweli wote: jina lake, jina la baba yake, kwamba yeye ni mkwe wake, kwamba hapa ni kwake na asijisikie mgeni. Mama alimshukuru kwa adabu. Kisha akanigeukia, akaniomba nimwonyeshe njia ya kwenda kwao.