Jiwe Linaloikata Njia ya Mirihi

Mzee anayezungusha mtambo wa sayari pale jumba la maonyesho hana haraka na mtu. Anaufuta kwanza mkono wa chuma kwa leso yake, anakohoa kidogo, kisha anauzungusha taratibu, na sayari za mbao zinaanza kulizunguka jua la bati. Akilifikia lile jiwe dogo lenye waya wake peke yake, huligusa kwa kidole kama anayeamsha mtoto. "Hili ni jiwe tupu la angani, halina makuu. Linaikata njia ya Mirihi, linajiendea zake." Wageni wakiuliza vitagongana lini, jibu lake ni lilelile: "Zinazokutana ni njia. Wenyewe hawajaonana."

Juzi aliyeuliza alikuwa mwalimu aliyeleta wanafunzi wake. Ni bintiye, na hawakuwa wamesemezana tangu mama yake azikwe. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, mkoba kifuani. Alipojibiwa vilevile, akauliza tena: "Hata siku moja, baba?"

Mzee aliutazama mtambo. Jiwe lilikuwa limeshapita, na Mirihi iko ng'ambo ya jua. Akaufuta tena ule mkono wa chuma, ingawa ulikuwa safi.

"Njoo ushike hapa, mwanangu," akasema. "Tuzungushe mpaka tuone."